Kata Onyesho, Usiguse Mshororo

Kikundi cha sanaa kikikaa kupanga kucheza tamthilia ya kishairi mtaani, haipiti nusu saa kabla mtu hajasema kwamba watu hawataelewa. Hapo huamuliwa kwamba kazi irahisishwe. Mashairi yanageuzwa maongezi, kisa kinaachwa na urefu wake wote, kisha anaongezwa mlevi mmoja wa kuchekesha ili watu wasiondoke. Siku ya onyesho watu wanamcheka mlevi, kisha wanaondoka.

Mimi nashauri kinyume chake. Kisa kikateni bila huruma, lakini mshororo mliouacha muuache kama ulivyo. Mtazamaji wa Kiswahili hababaishwi na ushairi hata kidogo. Amelelewa na kasida na tenzi za madrasa, ameimba taarabu harusini, amesikia mashairi yakisomwa redioni, na kama amesoma shule ya msingi Tanzania, huenda alisimamishwa mbele ya mgeni rasmi akaghani ngonjera. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971, alikuwa anafanya kazi ileile tunayoizungumzia hapa: watu wawili au zaidi wanabishana kwa beti mbele ya umma, na umma unafuata hoja. Bibi wa Lamu asiyejua kusoma aliweza kuushika moyoni Utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Masikio tunayo. Mambo huharibika pale mchezaji mwenyewe anapokuwa hajui anasema nini, na mtazamaji hung'amua hilo upesi.

Basi tuanze na kuchagua kazi. Kama kikundi ni kichanga, msirukie Shakespeare. Ebrahim Hussein alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, tamthilia fupi za kishairi zinazobebwa na mtambaji mmoja. Mchezaji mmoja mzuri, ngoma moja na kigoda vinatosha. Mkishaweza kuwashika watu nusu saa kwa mtambaji mmoja, nendeni kwenye kazi kubwa. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Julius Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963 na kupitiwa upya 1969, na mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Nyerere hakufuata vina; aliacha mistari iende kwa mapigo bila kufungwa mwishoni, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni katika ushairi wetu. Kwa kazi ya mtaani mimi naipendelea Juliasi Kaizari kuliko zote, na ndiyo nitakayoitumia kama mfano, kwa sababu ndani yake kuna mhusika ambaye kila mtaa unaye tayari: umati.

Mchezo huo kwa Kiingereza una karibu mishororo 2,500. Kwa mwendo wa kawaida wa jukwaani, mishororo 1,000 hula kama saa nzima, na Kiswahili chenye vitenzi virefu hula zaidi. Watu waliosimama uwanjani, watoto mbele, biashara zinaendelea pembeni, mtawapata kwa saa moja na robo mkijitahidi. Kwa hiyo mnahitaji mishororo kama 800. Theluthi mbili lazima ziondoke, na hapa ndipo vikundi vingi hukosea: hupunguza kila hotuba nusu, wakabaki na mchezo mzima uliokondeana. Ondoeni maonyesho mazima. Vita vya tendo la tano viondoke karibu vyote. Tarishi mmoja mwenye pumzi ataleta habari zake. Wabaki mafundi wanaogombezwa mwanzoni kwa kuacha kazi na kushangilia, wabaki Cassius na Brutus wanaoongoza njama ya kumuua Kaizari, usiku wa njama, mauaji, mazishi, ugomvi wa marafiki wawili ndani ya hema, na kifo cha Brutus. Panapobaki pengo wekeni mtambaji mwenye ubeti mmoja au miwili ya utenzi, mizani nane kila kipande, wa kuvusha watu tu. Mtambaji asisimulie kitakachoonekana baada ya dakika mbili. Akisema "sasa Kaizari atauawa," amewaibia watu.

Kuna onyesho moja ambalo wengi hulitupa kwanza, nami nawasihi mlibakize hata mkilazimika kutupa mzuka wa Kaizari. Ni lile fupi baada ya mazishi. Umati uliochemka unakutana barabarani na mtu anayeitwa Cinna. Mmoja wa waliomuua Kaizari anaitwa Cinna pia. Huyu anajitetea kwamba yeye ni mshairi, si mla njama. Haisaidii, wanamrarua kwa jina lake, na kwa ubaya wa mashairi yake. Orson Welles alipoipandisha tamthilia hii New York mwaka 1937, kwa mavazi ya wakati ule yaliyowakumbusha watu Wafashisti wa Ulaya, onyesho hilo ndilo lililosifiwa kupita mengi. Kwetu halihitaji mavazi ya kukumbusha chochote. Kila msomaji wa magazeti ameona ile habari fupi ya mtu "aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali," na wakazi wa mtaa wanajua kwamba wananchi wenye hasira kali wana majina na wanarudi nyumbani kula.

Kwa sababu hiyohiyo muwe waangalifu. Wachezaji wanne wenye maneno ya umati wasikae jukwaani. Mmoja asimame karibu na mama ntilie, mwingine kati ya vijana wa bodaboda, wengine wawili kwenye mabenchi ya wazee. Antony, rafiki wa Kaizari, akianza kusema kwenye mazishi, hao ndio wanaoguna na kudakia, na baada ya muda mtasikia wasio wachezaji nao wanadakia. Hapo mchezo umewaka, na hapo pia anayecheza Cinna anaweza kuumia kweli. Kubalianeni ishara ya kusimamisha. Fimbo zote ziwe za mabua. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue mapema kwamba kutapigwa kelele za mwizi ambazo si za mwizi, na mtu mmoja wa kikundi akae mgongoni mwa Cinna kama kivuli.

Turudi kwenye mazishi, maana hapo ndipo pa kujifunzia kazi yote. Brutus anasema kwanza, na Shakespeare amempa nathari: safi, iliyopangwa, ya mtu anayeamini hoja inatosha. Kisha Antony anapanda na kusema kwa ushairi. Umati ulioshangilia nathari unageuzwa na ushairi mbele ya macho yetu. Yeyote atakayeleta hoja ya kuzigeuza zote mbili kuwa maongezi ili zieleweke, msomeeni hapo. Mfundisheni anayecheza Brutus asimame wima, aseme kwa ufasaha wa mwalimu mkuu, amalize, ashuke. Antony ana kazi ya aina nyingine. Ana maiti, ana vazi lililotobolewa, ana wosia ambao anautaja na kuuficha, anautaja na kuuficha tena, hadi watu wenyewe wamlazimishe kuusoma, na ndani yake kila raia ameachiwa drakma 75. Kati ya hayo yote anarudiarudia kuwasifu waliomuua rafiki yake, na sifa ile inaoza mdomoni kadiri inavyorudiwa. Mchezaji mchanga huitamka kwa kejeli tangu mara ya kwanza, naye anakuwa amemaliza akiba yote mwanzoni. Mara ya kwanza aiseme kwa heshima kamili. Mara ya pili pia. Watu ndio waanze kushuku, yeye bado.

Sasa kutamka. Mazoezi ya awali msiyafanyie kwenye maandishi makubwa. Tungeni mishororo miwili yenu. Hii nimeitunga kwa zoezi hili tu. Ni ya mtu aliyevamiwa usiku:

Walikuja na mapanga, sikuwaona nyusoni,
Bali niliwatambua, kwa sauti za jirani.

Mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane. Mpe mchezaji yeyote aliyepitia ngonjera za shule. Sauti itapanda kwenye "mapanga," itashuka kwenye "nyusoni," itapanda kwenye "niliwatambua," itashuka kwenye "jirani." Wimbo uleule mara mbili, na neno zito kuliko yote limezikwa mwishoni pale pumzi inapoisha. Mwambie aseme kwa maneno yake. Atasema kama anaandikisha maelezo polisi: usiku wa kuamkia juzi nilivamiwa na watu wenye mapanga, ambao niliwatambua kwa sauti kuwa ni majirani zangu. Taarifa imekamilika na hakuna aliyeshtuka. Muulize tofauti iko wapi. Katika shairi msikilizaji anapewa panga kwanza, kisha giza, kisha anaambiwa kuna kilichotambulika, na jirani anabakizwa hadi silabi za mwisho. Mpangilio huo ndio mchezo wenyewe. Ukiubadili kwa nia ya kurahisisha, umeondoa kitu ambacho hata mtoto angekielewa.

Kisha mfanye aseme akitembea, na ageuke pale wazo linapogeuka tu. Atataka kugeuka kwenye kila mkato, mzuie. Wazo linageuka mara moja, kwenye "Bali." Akishalijua hilo, mrudishe asimame, ashike mapigo, na pumzi aibebe hadi "jirani" bila kuishusha. Mwisho mkalishe mwenzake mbele yake na umwambie: huyu ndiye jirani. Asiseme na polisi wala na hadhira, amwambie yeye. Mara nyingi sauti hushuka yenyewe wakati huo, na watu waliokuwa wanapiga soga kwenye kona ya ukumbi hunyamaza. Zoezi hili halina gharama, nami nalithamini kuliko semina nyingi nilizohudhuria zenye chai na vitafunio.

Kuna ugumu mmoja ambao tafsiri zisizo na vina huuleta na ngonjera haituandai kuupokea. Katika shairi letu la mapokeo mshororo hubeba wazo lake likatimia. Mghani akisimama mwisho wa mshororo hakosei. Kwa Nyerere, kama kwa Shakespeare, wazo huvuka mpaka likamalizikia katikati ya mstari unaofuata. Mchezaji aliyezoea kusimama mwishoni atayakata mawazo vipande visivyoungana, na hapo kweli watu hawataelewa. Apige mstari chini ya maneno kwa penseli kuonyesha wazo linaishia wapi, halafu ajifunze kuligusa neno la mwisho wa mstari bila kuliachia. Anagusa, anavuka. Na silabi za mwisho wa neno zisimezwe. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ya mwisho hufifia. Ndani ya chumba si neno, lakini uwanjani "apenda" na "hapendi" hutenganishwa na sauti hizo ndogo, na upepo hauzihurumii.

Na kughani je? Wazee wataniambia shairi la Kiswahili huimbwa, na ni kweli. Lakini mchezo mzima ukighaniwa, watu huisifu sauti na kusahau nani kamuua nani. Wekeni mahadhi pale ambapo binadamu wa kawaida angeimba au kuomba dua: ndoto, laana, kilio cha msiba, beti za mtambaji. Kama mnacheza Sophocles, Mgiriki wa kale, kiitikio cha wazee wa Thebes kiimbwe chote na kwa mahadhi yenu wenyewe, iwe ya kasida au ya jando. Sehemu nyingine zisemwe.

Kila mtaa una malenga wake, mzee anayetunga mashairi ya harusi, ya tanzia na ya kumpongeza mbunge. Mwiteni mapema, tena kwa heshima, si siku ya mwisho aje kufungua. Atawasahihishia mizani mahali ambapo nyinyi mtaumiza masikio, na atawaonyesha neno la lahaja linaloingia pale lenu linapozidi silabi moja. Ila kubalianeni naye tangu mwanzo kuhusu vina. Mwache peke yake na tafsiri ya Nyerere naye atarudi ameitia vina vyote, maana kwake bila vina si shairi. Ugomvi huo ulishapiganwa nchini baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, na hautamalizikia kwenye ofisi yenu ya kata. Mpeni beti za mtambaji azitie vina anavyotaka. Mazungumzo ya wahusika yabaki huru.

Kuhusu wachezaji, msihofie orodha ndefu ya majina. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Juliasi Kaizari London tarehe 21 Septemba 1599, akaandika kwamba ulichezwa na watu kama 15. Sophocles alitumia waigizaji watatu kwa sehemu zote, ukiacha kiitikio. Watu tisa wanaobadili kofia mbele ya hadhira bila kujificha wanatosha. Na wanawake wapewe sehemu za wala njama. Shakespeare aliwapa wavulana sehemu za wanawake kwa sababu desturi ya kwao ilimlazimisha. Nyinyi hamlazimishwi na mtu, na katika tamthilia hii wanawake wenye maneno ni wawili tu. Mama anayeongoza kasida au kikundi cha taarabu anajua kubeba mshororo hadi mwisho kuliko kijana wenu mwenye sura ya filamu.

Msitoe nakala ya mchezo mzima kwa kila mtu. Waigizaji wa zama za Shakespeare walipewa maneno yao peke yao pamoja na maneno machache ya mwenzao yanayowadokezea zamu. Karatasi za namna hiyo za mwigizaji Edward Alleyn bado zimehifadhiwa Dulwich, London. Kwao karatasi ilikuwa ghali. Kwenu fotokopi ni ghali, na faida nyingine ni kwamba mchezaji asiyejua mwenzake atasema nini hulazimika kusikiliza. Asiyesoma vizuri arekodiwe sehemu yake kwenye simu, aisikilize akiwa kazini. Waliopita madrasa hukariri haraka mno. Kazi yenu kwao itakuwa kuwarudisha kwenye maana.

Platter aliandika pia kwamba walianza kama saa nane mchana. Hapakuwa na taa. Usiku wa njama ulichezwa jua likiwaka, watu wakaambiwa ni usiku wakakubali. Kwa hiyo fedha ya jenereta nunulieni maji ya kunywa. Anzeni saa kumi baada ya sala ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi, na mjue Jumapili kanisa la jirani linatoka saa ngapi. Nusu duara, migongo ya wachezaji ukutani ili ukuta urudishe sauti. Kipaza sauti kimoja kinachopokezanwa mikononi ni bora kisiwepo. Na mashuka! Kuna dhana kwamba Mrumi bila shuka begani si Mrumi. Shakespeare mwenyewe aliitia saa ya kugonga ndani ya Roma ya kale na hakuona haya. Mvaeni kanzu na koti, suti ya diwani, vitenge, ilimradi kila mtu avae kinachoonyesha cheo chake.

Mfadhili akijitokeza, sikilizeni anataka nini. Atauliza ujumbe ni upi, naye ataomba Antony ataje chanjo au uchaguzi wa amani. Mpeni dakika kumi kabla ya mchezo aseme mwenyewe kwa jina lake. Ndani ya mchezo msimwingize.

Ruhusa ziombwe mapema. Shakespeare hana mrithi wa kudai, lakini tafsiri ina mwenyewe. Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999, na hakimiliki nchini Tanzania hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo mwandikieni mchapishaji na muulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Maonyesho ya jukwaani nayo yameguswa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976. Afisa utamaduni wa halmashauri atawaelekeza barua iende wapi. Mkikosa ruhusa ya tafsiri, tafsirini wenyewe mishororo yenu 800. Ni kazi ya miezi, na mtaijua tamthilia kuliko waliopewa kitabu.

Jambo la mwisho ni ngoma. Platter anasema mchezo ulipokwisha, maiti zote zikiwa zimelala, waigizaji walisimama wakacheza ngoma kwa ustadi mkubwa, wawili wamevaa kiume na wawili kike. Atakayewaambia kwamba mdundiko au msewe baada ya tanzia ni kuivunjia heshima kazi, mwambieni wenyewe walifanya hivyo. Cinna ndiye aanzishe, ili watoto waone hajafa. Kofia ya michango izungushwe ngoma inapopanda, kabla wazee hawajaanza kukunja mabenchi.